Ultrasaundi safi, tumbo bado linauma: kuielewa endometriosisi

"Jikande na maji ya moto, utapoa." "Huo ndio ukubwa, vumilia." "Ukiolewa yataisha." Akiolewa na yasiishe, linakuja la mwisho: "Ukizaa yatakoma." Binti anayeumwa sana siku zake huyasikia maneno haya kwa mama, kwa shangazi, kwa jirani, na wakati mwingine kwa muuguzi, kabla hajafika kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Akifika, mara nyingi hupigwa ultrasaundi, huambiwa kizazi hakina tatizo, hupewa diklofenaki na kurudi nyumbani. Mwezi unaofuata yuko kitandani tena, amejikunja, na sasa ana mzigo wa ziada: karatasi ya hospitali inayosema haumwi.

Makala hii inamhusu huyo mwenye karatasi. Inawezekana kabisa ana endometriosisi, na inawezekana kabisa picha yake ikawa safi. Mambo hayo mawili hayapingani, na sababu ya kutopingana ndiyo inayoeleza kwa nini ugonjwa huu huchelewa kutambuliwa na kwa nini matibabu yake hayapaswi kusubiri picha.

Kinachotokea ndani

Mfuko wa uzazi una utando wa ndani unaonenepa kila mwezi kujiandaa kupokea mimba. Mimba isipotungwa, utando unabomoka na kutoka kama hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu inayofanana na utando huo imeota nje ya mfuko: juu ya ngozi laini inayofunika viungo vya nyonga, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo mpana, kwenye kibofu. Nayo huitikia homoni ileile ya estrojeni. Inavimba, inavuja damu kidogo, na damu hiyo haina pa kutokea. Kinga ya mwili inakuja juu, eneo linawaka, kisha linapona kwa kovu. Mwezi unaofuata, vivyo hivyo. Miaka ikipita, makovu yanaweza kugandisha viungo vilivyozoea kuteleza kimoja juu ya kingine: ovari ikashikamana na ukuta wa nyonga, utumbo ukanasa nyuma ya kizazi.

Madaktari hugawa hali hii katika sura tatu. Kuna madoa ya juujuu, membamba, yaliyotapakaa kama vipele. Kuna uvimbe wa kwenye ovari uliojaa damu ya zamani, mzito na wa kahawia, ambao hospitalini huitwa uvimbe wa chokoleti. Na kuna vinundu vinavyochimba kwenda ndani zaidi ya milimita tano, mara nyingi kwenye mishipi inayoshikilia kizazi au kwenye utumbo. Ultrasaundi huona uvimbe wa chokoleti vizuri. Vinundu vya ndani huviona ikiwa aliyeshika mashine amefundishwa kuvitafuta na ana muda wa kuvitafuta. Madoa ya juujuu, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, kwa kawaida hayaonekani kabisa. Kwa hiyo "safi" kwenye karatasi ina maana kwamba hakuna uvimbe mkubwa ulioonekana, basi. Kusema haumwi ni jambo jingine.

Na madoa hayo membamba yanaweza kuuma kuliko uvimbe wa chokoleti. Upasuaji huipanga endometriosisi katika madaraja manne kwa kuhesabu kiasi cha tishu na makovu, lakini madaraja hayo hayaendi sambamba na maumivu. Yupo mwenye daraja la kwanza anayezimia kila mwezi, na yupo wa daraja la nne aliyegundulika kwa bahati alipokwenda kutafuta sababu ya kutoshika mimba. Daktari anayesema "ni kidogo tu, haiwezi kukuuma hivyo" amechanganya vipimo viwili tofauti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, yaani watu milioni 190 hivi duniani. Tangu dalili zianze hadi jina la ugonjwa litajwe hupita kati ya miaka 4 na 12. Hiyo ni sekondari yote, chuo, na pengine ndoa ya kwanza.

Mara chache tishu hii hufika mbali. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, ambaye wapenzi wa rege walimjua kama Fyah Mummah Jahmby, alikuwa na endometriosisi iliyofika kifuani. Pafu lake lilikuwa likisinyaa kwa kujaa hewa nje yake, na alikwenda kufanyiwa upasuaji Atlanta, Marekani. Alifariki Juni 2024. Kwa upande wa Tanzania, Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alisimama hadharani kueleza upasuaji mwingi aliopitia na hofu ya kutopata mtoto, kisha mwaka 2017 akajifungua. Nawataja wote wawili kwa sababu kabla yao ugonjwa huu haukuwa na sura ya Kiafrika kwenye magazeti yetu.

Wala haukuwa nayo kwenye vitabu vya udaktari. Kwa miongo mingi madaktari wa Marekani walifundishwa kuwa huu ni ugonjwa wa wanawake Wazungu wenye kipato waliochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi mwenye maumivu yaleyale aliandikiwa maambukizi ya nyonga, kwa dhana ya chini kwa chini kwamba ana wanaume wengi. Mwaka 1976 daktari mweusi wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha aliyoyaona alipowaangalia wagonjwa wake kwa kamera ya tumboni: zaidi ya asilimia 20 walikuwa na endometriosisi, na wengi wao walikuwa wameandikiwa maambukizi. Nusu karne baadaye, tabia hiyo bado inatembea kwenye zahanati zetu. Ukiuliza wanawake waliogunduliwa, wengi watakuhesabia kozi za antibayotiki za "PID" (maambukizi ya nyonga), za "UTI sugu", na hata za taifodi.

Chanzo hakijakamilika kujulikana. Daktari John Sampson alieleza miaka ya 1920 kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga seli tumboni. Ni kweli hurudi, lakini hurudi kwa karibu asilimia 90 ya wanawake, na wengi hawaugui. Tena kuna visa vichache vya wanaume, waliotibiwa saratani ya tezi dume kwa estrojeni nyingi, waliopata tishu hii bila ya kuwa na kizazi. Kinga ya mwili ina mkono wake, na urithi una mkono mkubwa. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha sehemu 42 za vinasaba zinazohusika, ingawa damu iliyopimwa ilikuwa hasa ya watu wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Ukiwa na mama au dada mwenye hali hii, uwezekano wako unapanda mara kadhaa. Hakuna ushahidi kwamba unaletwa na kutoa mimba, na wala hauambukizwi kwa kujamiiana.

Maumivu yapi si ya kawaida

Tumbo la hedhi la kawaida huanza damu inapoanza au saa chache kabla, hudumu siku moja hadi tatu, na hutulia kwa dawa. Mtu anakwenda shule, anakwenda kazini, ananuna kidogo, yanapita. Linalotakiwa kushtua ni hili: maumivu yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu na kubaki baada yake, yanayomfanya mtu akose darasa au kazi kila mwezi, maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa, si ya mlangoni, maumivu makali ya kwenda haja kubwa, hasa siku za hedhi, kukojoa kunakouma kwa mzunguko uleule wakati kipimo cha mkojo hakionyeshi wadudu, tumbo kujaa hadi sketi isifunge, uchovu usioelezeka, na kutafuta mtoto bila mafanikio. Kinachofungua macho ya daktari ni kule kurudi kwa mpangilio. Bakteria hawafuati kalenda ya hedhi.

Lakini si kila maumivu ya nyonga ni endometriosisi, na kwetu orodha ya washukiwa ni ndefu kuliko ya Ulaya. Kuna fibroidi, yaani vivimbe vya kwenye kizazi. Kuna adenomiosisi, ambapo tishu imeingia ndani ya nyama ya kizazi chenyewe. Kuna maambukizi ya kweli ya nyonga, yenye homa na uchafu unaonuka, ambayo lazima yatibiwe haraka. Kuna kifua kikuu cha mirija. Na kuna kichocho. Aliyekulia Pemba, Unguja, pwani ya bara au popote penye maji yenye kichocho cha mkojo anaweza kuwa na mayai ya mdudu huyo kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakimletea maumivu, damu baada ya tendo na ugumba. Dawa yake ni prazikwanteli, rahisi na iliyotumika kwa miaka mingi, ila ni daktari mchache anayefikiria kuuliza, "Dada, utotoni ulikuwa unaoga mtoni?" Ukiwa ni wewe, mtajie mwenyewe.

Kwa nini maumivu hubaki hata doa likiondoka

Doa la endometriosisi huzalisha kemikali za uvimbe, na pia huota vijineva vyake. Nyonga ikipiga kelele kila mwezi kwa miaka minane, uti wa mgongo na ubongo hubadilika namna ya kupokea ujumbe. Huwa kama mlinzi wa geti aliyewahi kuvamiwa: sasa anapuliza filimbi hata paka akipita. Kibofu kikijaa kidogo, kinauma. Gesi ikipita, inauma. Misuli ya sakafu ya nyonga nayo, ile inayozuia mkojo, hujikaza kujilinda na ikasahau kulegea, na misuli iliyokazwa muda wote huuma yenyewe.

Nimekaa hapa kwa makusudi, maana ndipo wagonjwa wanapoumizwa mara ya pili. Mtu amefanyiwa upasuaji, madoa yametolewa, maumivu yamepungua nusu tu, na anaambiwa yaliyobaki ni ya kichwani. Hapana. Yako kwenye neva na kwenye misuli, na yana tiba zake: mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga, mazoezi ya kuvuta pumzi na kulegeza misuli, wakati mwingine dozi ndogo ya dawa za neva kama amitriptilini. Hao wachache wa fiziotherapia ya nyonga wako hospitali kubwa za mijini, lakini kanuni moja unaweza kuishika popote: yale mazoezi ya kubana uke yanayosifiwa mitandaoni humwongezea maumivu mwenye misuli iliyokaza tayari. Yeye anahitaji kulegeza.

Dawa

Za kwanza ni za familia ya ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na asidi ya mefenamiki. Huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazokikaza kizazi. Kwa kuwa huzuia isitengenezwe, hazina nguvu dhidi ya iliyokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana kumeza ukiwa umeshajikunja sakafuni kunasaidia kidogo. Anza maumivu yanapobisha hodi, au siku moja kabla kama mzunguko wako unatabirika, meza na chakula, kwa saa zilizoandikwa, siku mbili tatu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu amwone daktari kwanza, na asiwe mtu wa kuchoma sindano ya diklofenaki kila mwezi kwenye duka la dawa.

Za pili ni homoni, na hapa ndipo vita vya nyumbani huanza. Dawa zinazotuliza endometriosisi kwa bei ya kawaida ni zilezile za uzazi wa mpango: vidonge vya majira, sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi, kitanzi chenye homoni. Mama akisikia binti yake wa miaka 16, ambaye hajamjua mwanaume, ameandikiwa vidonge vya majira, anaona daktari amemtukana. Na mume akisikia, anaona anafichwa kitu. Wote wanastahili maelezo, siyo kukemewa. Homoni hizi hupunguza au kusimamisha kunenepa kwa utando, ule wa ndani ya kizazi na ule uliopotea njia. Damu ikipungua, moto unapungua.

Kumeza vidonge mfululizo kunaweza kusaidia zaidi kuliko kuacha mapengo: ukimaliza vile vyenye homoni, unaruka vile saba vya mwisho, ambavyo kwenye pakiti nyingi ni vya kahawia na ni madini ya chuma tu, unaanza pakiti mpya. Hedhi haiji. Watu huuliza, na ni swali la haki, damu hiyo inakwenda wapi? Haiendi popote kwa sababu haikutengenezwa. Utando umebaki mwembamba, hakuna uchafu unaojilundika. Wala vidonge havikaushi kizazi. Ukiacha, upevushaji wa mayai hurudi. Sindano ndiyo inayoweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuacha, na ikitumika miaka mingi hupunguza uimara wa mifupa, hivyo anayetaka mtoto karibuni achague kingine. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga unaomemeta. Huyo apewe vya projestini pekee, kama dienojesti, inayotumika hasa kwa ugonjwa huu lakini ni ghali.

Angalizo ambalo naona linasahaulika vituoni: kitanzi cha shaba hakina homoni, nacho mara nyingi huongeza damu na maumivu. Hakikisha unajua umewekewa kipi.

Kuna badiliko moja lenye faida kwa mtu wa Tandahimba au Turkana, aliye mbali na hospitali kubwa. Zamani ilikuwa sheria kwamba lazima ufunguliwe tumbo kwa kamera ndipo ugonjwa utajwe. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 uliondoa sharti hilo: daktari anaweza kusikiliza historia, kupima, kuhisi kuwa ni endometriosisi, na kuanza dawa. Kamera inabaki kwa yule ambaye picha haijaonyesha kitu na dawa hazijamfaa, au hazimfai. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, iko mijini, wapasuaji wa matundu madogo wako kwenye hospitali kama Muhimbili, lakini vidonge viko kwenye zahanati. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho huuzwa kama jibu, hakitoshi kuthibitisha wala kuukanusha ugonjwa huu. Okoa hela.

Upasuaji una nafasi yake: maumivu yasiyosikia dawa, uvimbe mkubwa, utumbo au mrija wa mkojo uliobanwa. Uliza kama daktari atakata tishu na kuitoa au ataichoma juu juu, na ameshafanya wangapi. Kwenye ovari uliza zaidi, kwa kuwa kila unapokwangua uvimbe wa chokoleti unaondoka na baadhi ya mayai. Ugonjwa hurudi kwa wengi, na homoni baada ya upasuaji hupunguza kurudi huko. Kuondoa kizazi si tiba ya uhakika kama madoa mengine yamebaki nyuma.

Kuhusu mtoto: kati ya theluthi na nusu ya wenye endometriosisi hupata ugumu wa kushika mimba, maana yake wengi wengine hushika bila msaada. Mimba hutuliza dalili kwa muda, kisha kwa wengi zinarudi, kwa hiyo kumwozesha msichana kama dawa ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya wa kwanza.

Chupa ya maji ya moto inasaidia kweli, kutembea kunasaidia, tangawizi haina ubaya. Lulu za kusafisha kizazi, yaani vifurushi vya mitishamba vinavyoingizwa ukeni, na kujifukiza ukeni ni hadithi nyingine. Endometriosisi iko nje ya kizazi. Lulu wala mvuke haviwezi kuifikia, na kinachoungua au kupata maambukizi ni uke wenyewe. Wauzaji wa dawa za chango wanaodai kuponya kwa siku 14 huvuna kutokana na ukweli mmoja, kwamba hedhi ikiisha maumivu hupungua yenyewe.

Unapokwenda kumwona daktari

Andika kwa miezi miwili au mitatu: tarehe ya damu, siku za maumivu, kiwango kwa kumi, ulichomeza, haja kubwa na mkojo vilikuwaje, siku ulizokosa kazi. Daftari la shule linatosha. Kisha usianze na "tumbo linaniuma," kwa kuwa kila mtu kwenye benchi anaumwa tumbo. Sema: "Daktari, kila mwezi nakosa kazi siku tatu, nikienda haja kubwa siku hizo natoka jasho, na ibuprofeni haifanyi kitu. Je, inaweza kuwa endometriosisi?" Suala la tendo la ndoa litamke hata kama mama mkwe kakusindikiza, mwombe akae nje.

Usingoje miadi kama maumivu yamekuja ghafla upande mmoja na hukuona siku zako, kama unazimia, au una homa. Mimba iliyotunga nje ya kizazi na ovari iliyojisokota haziwezi kusubiri daftari.

Na kama unatafuta mtoto, liseme kabla ya dawa kuandikwa. Homoni nilizozitaja huzuia mimba au hupunguza uwezekano wake kwa muda unaozitumia, hivyo njia yako itakuwa nyingine: dawa za maumivu, pengine upasuaji, pengine IVF (kutungisha mimba maabara), na kwa mwenye zaidi ya miaka 35, uchunguzi baada ya miezi sita ya kujaribu badala ya mwaka.